Kujisajili si Kuchangia: Kuzifafanua Kanuni za Bima ya Afya ya Jamii kwa Kiswahili Chepesi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii inafaa katika mafumbo na malumbano ya washairi, ambapo msikilizaji huachwa ajitafutie. Haifai hata kidogo katika kanuni za serikali. Anayetungiwa kanuni ana haki ya kuambiwa maana yake, kwani kutoielewa hakumwondolei wajibu wa kuitii.

Makala haya yananuia kuonyesha jinsi kanuni za Bima ya Afya ya Jamii, zilizotangazwa nchini Kenya mwaka 2024, zinavyoweza kufafanuliwa kwa Kiswahili chepesi. Hoja kuu ni kwamba kazi hiyo haikamiliki kwa kutafuta visawe vya istilahi za Kiingereza. Ufafanuzi wa kanuni hufaulu pale unapomjulisha mwananchi nani anapaswa kutenda nini, lini, na asipotenda atapoteza nini. Mifano inayotolewa imewekwa katika mazingira ya Masinga, kaunti ya Machakos, mahali ambapo wakazi wengi hawana mshahara wa mwezi, na ambapo Kiswahili cha baraza hulazimika kupita katika Kikamba kabla ya kumfikia mzee aliyeketi nyuma.

Kiswahili na Lugha ya Sheria

Suala hili lina historia. Mnamo 1974 Rais Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni, lakini miswada na sheria ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilikipandisha Kiswahili hadhi. Kifungu cha 7 kinakitambua kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kifungu cha 10 kinautaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, nacho kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Hata hivyo, kifungu cha 259 kinaeleza kwamba palipo na mgongano baina ya matoleo ya Katiba yaliyo katika lugha tofauti, toleo la Kiingereza ndilo litakaloshika. Kiswahili basi ni lugha rasmi, ila neno la mwisho si lake.

Kwingineko hatua nyingine zimepigwa. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria yake ya tafsiri ya sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria. Marekani nayo, ambako Kiingereza ndicho lugha ya mamilioni ya watu tangu utotoni, ilipitisha mwaka 2010 sheria inayozitaka idara za serikali ya shirikisho kuwaandikia wananchi kwa lugha nyepesi. Mfano huu wa Marekani una funzo kwetu. Iwapo Mmarekani anahitaji kufafanuliwa kanuni zilizo katika lugha yake mwenyewe, basi ugumu wa kanuni hautokani na lugha ya kigeni peke yake. Unatokana pia na namna sentensi zinavyoundwa. Kwa hiyo, kanuni inaweza kutafsiriwa neno kwa neno hadi Kiswahili sanifu na bado ikabaki fumbo.

Kanuni Zenyewe kwa Ufupi

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa saini tarehe 19 Oktoba 2023, na kanuni za kuitekeleza zikachapishwa Machi 2024. Tarehe 12 Julai 2024 Mahakama Kuu iliitangaza sheria hiyo, pamoja na nyingine mbili zilizoambatana nayo, kuwa kinyume cha Katiba kwa kukosa ushirikishwaji wa kutosha wa wananchi. Tarehe 20 Septemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ilisimamisha utekelezaji wa uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ikachukua nafasi ya NHIF, hazina iliyokuwepo tangu 1966.

Mfumo huu una mifuko mitatu. Wa kwanza hugharimia huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, na fedha zake hutoka serikalini. Wa pili, SHIF, hutokana na michango ya wananchi na hugharimia matibabu katika hospitali za ngazi ya 4 hadi ya 6. Wa tatu hushughulikia dharura na maradhi sugu au mahututi, hasa pale kiwango cha mfuko wa pili kinapomalizika. Mwenye mshahara huchangia asilimia 2.75 ya mshahara wake. Asiye na mshahara huchangia kwa mwaka, kwa kiasi kinachotokana na tathmini ya uwezo wa kaya yake. Mchango wowote hauwezi kuwa chini ya shilingi 300 kwa mwezi.

Aya hiyo ni sahihi na imeandikwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, tuchukulie kwamba imesomwa barazani mbele ya mchuuzi wa samaki wa Bwawa la Masinga, mpakiaji wa mchanga wa Kivaa na mkulima wa ndengu wa Ekalakala. Wataondoka wakijua nini? Sehemu zinazofuata zinajaribu kulijibu swali hili.

Vitenzi Vitatu

Mkanganyiko wa kwanza, na ulio hatari kuliko yote, umo katika vitenzi vitatu: kujisajili, kuchangia na kunufaika. Katika kanuni, kila kimoja kina wakati wake na matokeo yake. Katika mazungumzo ya kila siku vitenzi hivi huyeyushwa vikawa kauli moja: "Niko SHA."

Kujisajili ni kuandikisha jina. Hakuna malipo, na mtu anaweza kujisajili kwa simu kupitia nambari *147#. Aliyejisajili anaweza kuhudumiwa katika zahanati au kituo cha afya kwa gharama ya mfuko wa kwanza. Kuchangia ni kitendo kingine kabisa. Ndicho kinachomfungulia mtu mlango wa mfuko wa pili. Kunufaika ndiyo natija, nayo hutegemea mahali mtu alipotibiwa na kama mchango wake umelipwa.

Tuchukulie basi kwamba mchuuzi wetu amejisajili na kupokea ujumbe wa kuthibitisha. Mtoto wake anaugua, anatibiwa katika zahanati ya karibu bila kulipa, naye anaamini kuwa bima imefanya kazi. Miezi miwili baadaye mkewe anahitaji upasuaji na anapelekwa katika hospitali ya ngazi ya 5 ya Thika au ya Machakos. Huko ndiko anakoelezwa kwamba hajachangia. Hakudanganywa na mtu. Alidanganywa na neno "kujisajili", ambalo masikioni mwake lilikuwa na maana ya "kukingwa". Mfafanuzi aliyetenganisha vitenzi hivi mapema angemwokoa na usiku wa kupigia jamaa simu akiomba msaada.

Aidha, neno "mchango" lina mzigo wake. Katika Kiswahili cha Kenya, mchango ni ule wa harambee: anayetaka hutoa, asiyeweza husamehewa. Ndio unaotumika kulipa karo, kugharimia mazishi na, kinaya chake, kulipa bili za hospitali. Ukambani pana pia mwethya, ushirika wa kazi ambamo wanajamii hulimiana mashamba na kuchimbiana matuta. Katika mwethya kila mmoja anajua zamu itafika lini kwake. Mchango wa kanuni haufanani kikamilifu na lolote kati ya haya. Ni wa lazima, hutolewa kwa mfuko usio na sura, na anayechangia anaweza kumaliza mwaka bila kuugua. Kwa hiyo kuusema "mchango" bila kuongeza "wa lazima" ni kuiacha nusu ya maana nje.

Kaya na Musyi

Neno la pili linalohitaji uangalifu ni "kaya". Kwa wakazi wa pwani ya Kenya, neno hili hukumbusha misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Masinga, mkalimani atakayelipeleka katika Kikamba huenda akasema musyi, neno linalomaanisha nyumbani au boma, ambalo wengi nchini wanalijua kutokana na jina la redio ya Musyi FM. Tafsiri hiyo ni ya kawaida kabisa, na papo hapo inapotosha.

Musyi unaweza kuwa na babu na bibi, wana wao walioowa, wake za wana hao, wajukuu, na labda shangazi aliyerudi kwao. Wote hula kutokana na shamba moja na kumtambua mkubwa mmoja. Kaya ya kanuni ni finyu zaidi: ni mchangiaji, mwenzi wake wa ndoa, na watoto wanaomtegemea. Mtoto anahesabiwa akiwa hajafikisha umri wa miaka 21 na hana mapato yake, au hajafikisha miaka 25 iwapo angali masomoni kwa muda wote. Mwenye ulemavu anayemtegemea mchangiaji kikamilifu hahesabiwi kwa umri huo.

Matokeo ya tofauti hii ni makubwa. Kijana anayeishi katika boma la wazazi wake na kuwalisha anaweza kudhani kwamba mchango wake unamkinga mama yake mzee. Haumkingi. Kwa mujibu wa kanuni, mama huyo ni kaya nyingine na ana mchango wake mwenyewe. Dhana ya kumtunza mzazi, ambayo katika maadili yetu haihitaji kuelezwa, haimo katika maana ya neno "kaya" lililotumiwa hapa. Mfafanuzi hana uwezo wa kuibadilisha kanuni hiyo, lakini anao wajibu wa kuisema waziwazi: "Mzazi wako hayumo."

Hali kadhalika, "tathmini ya uwezo" haina budi kuelezwa. Wengi huisema kwa kifupi kuwa ni "kupimwa", lakini katika mazingira ya hospitali kupimwa ni kutolewa damu au kupigwa picha ya eksirei. Kinachofanyika ni kuulizwa maswali kuhusu hali ya nyumba, upatikanaji wa huduma muhimu kama maji, na idadi na hali ya watu wa kaya. Majibu ndiyo yanayotumiwa kukadiria mapato. Mtu asiyejua hivyo atajibu kama ajibuye karani wa sensa, bila kutambua kwamba kila jibu linaingia katika hesabu ya fedha atakazotozwa.

Shilingi 300 ni Sakafu

Pengine hakuna nambari iliyosikika zaidi kuliko shilingi 300. Wengi waliipokea kama bei, hasa kwa kuwa chini ya NHIF asiye na mwajiri alikuwa akilipa shilingi 500 kwa mwezi. Kutoka 500 hadi 300 kulionekana kuwa nafuu ya wazi. Lakini katika kanuni 300 ni sakafu, kiasi ambacho mchango hauwezi kushuka chini yake.

Hesabu ndogo inatosha kulidhihirisha hili. Mwalimu wa shule ya binafsi mwenye mshahara wa shilingi 10,000 angepaswa kutoa 275, lakini kwa sababu ya sakafu atatoa 300. Mwenye 20,000 atatoa 550. Mwenye 100,000 atatoa 2,750, ilhali chini ya NHIF mwisho ulikuwa 1,700. Asilimia hii hukatwa kwenye mshahara mzima, kabla haujaondolewa kodi wala makato mengine. Maneno "mshahara ghafi" ni sahihi kiistilahi, ila nje ya ofisi za uhasibu ni wachache wanaoyatumia. "Mshahara kabla haujakatwa chochote" ni kirefu kidogo na kinaeleweka mara moja.

Kwa asiye na mshahara, utata unazidi. Anasikia "300 kwa mwezi" na kupanga kulipa kila mwezi kama alivyozoea. Kanuni zinamtaka alipe mchango wa mwaka. Sakafu yake basi ni shilingi 3,600 kwa mwaka, na tathmini inaweza kukifanya kiasi hicho kiwe kikubwa zaidi. Kwa mkulima wa ndengu ambaye fedha humjia baada ya mavuno, au mchuuzi ambaye samaki wakikosekana naye hukosa, kulipa kwa mwaka na kulipa kwa mwezi ni mambo mawili tofauti. Serikali yenyewe ilikiri uzito huo ilipoanzisha mwaka 2025 mpango wa Lipa SHA Pole Pole kwa ajili ya watu wa aina hii.

Nani Atende?

Hadi hapa tumezungumzia msamiati. Sarufi nayo ina lawama yake. Kiingereza cha sheria hupenda kumficha mtendaji, na hueleza wajibu kwa kitenzi kisaidizi ambacho wafasiri wengi hukigeuza kuwa kiambishi "-ta-". Matokeo huwa sentensi kama hii: "Mchango utalipwa kabla ya tarehe tisa ya mwezi unaofuata."

Sentensi hii ina kasoro tatu. Kwanza, "utalipwa" ni kauli ya kutendwa isiyo na mtendaji, hivyo mfanyakazi anaweza kudhani kwamba yeye ndiye wa kwenda kulipa. Pili, "-ta-" kwa Kiswahili hutabiri au huahidi. "Mvua itanyesha" si amri kwa mawingu, na "mchango utalipwa" haisikiki kuwa amri kwa mtu. Tatu, "kabla ya tarehe tisa" huiondoa tarehe tisa yenyewe, ambayo kanuni imeijumuisha. Kiswahili kina nyenzo za kuyarekebisha haya yote: "Mwajiri sharti akate mchango wa mfanyakazi na auwasilishe kwa SHA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata." Mtendaji amerudi, wajibu umebebwa na "sharti" pamoja na dhamira tegemezi, na siku ya mwisho inajulikana. Sasa mpakiaji mizigo aliyeajiriwa dukani anajua wa kumuuliza iwapo mshahara umekatwa na mchango haukufika.

Tunapenda kuamini kwamba tatizo la Kiswahili katika uwanja wa sheria ni uhaba wa istilahi. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany alitutunzia hazina ya maneno na kubuni mengine, na "runinga" imeshika hadi leo, ilhali "ngamizi" haikuishinda "kompyuta". Kazi ya aina hiyo ingali inahitajika. Lakini hakuna hata moja kati ya kasoro tatu zilizotajwa inayotibiwa kwa istilahi mpya. Zote zinatibiwa kwa sarufi tunayoifundisha darasani kila siku.

Wepesi na Ufupi

Yapo maoni kwamba lugha nyepesi hupoteza usahihi. Hoja hii si ya kupuuzwa. Kaulimbiu kama "matibabu bure" au "300 tu" ni nyepesi na ni fupi, nazo ndizo zilizozaa mkanganyiko tulioueleza. Wepesi unaotetewa hapa haupimwi kwa uchache wa maneno. Mara nyingi huhitaji maneno mengi zaidi, kama tulivyoona katika "mshahara kabla haujakatwa chochote". Ufuatao ni mfano wa tangazo linaloweza kusomwa barazani:

"Kujisajili SHA ni bure, na ni lazima kwa kila mkazi wa Kenya. Ukijisajili, utahudumiwa bila kulipa katika zahanati au kituo cha afya kilicho katika mpango huu. Kujisajili peke yake hakutoshi ukilazwa hospitalini. Ili SHA ilipie hospitali, kwa viwango vilivyowekwa, mchango wako lazima uwe umelipwa. Ukiwa na mwajiri, yeye ndiye anayekata na kupeleka mchango wako. Ukiwa huna mwajiri, utaulizwa maswali kuhusu nyumba na watu wako, kisha utaambiwa kiasi cha kulipa kwa mwaka. Kiasi hicho hakiwezi kuwa chini ya shilingi 3,600. Mchango wako unakukinga wewe, mke au mume wako, na watoto wenu wanaowategemea. Wazazi wako hawamo. Wao wajisajili na kuchangia kivyao."

Tangazo hili haliwezi kuleta dawa katika zahanati isiyo nazo, wala kumpa shilingi 3,600 mtu asiyekuwa nazo. Linaloweza kufanya ni kumwezesha msikilizaji kuuliza swali sahihi kwa mtu sahihi, na kuuliza kabla ya ugonjwa. Pia ni rahisi kulikalimani katika Kikamba, kwa kuwa kila sentensi ina mtendaji na kitendo kimoja au viwili. Utata uliomo katika Kiswahili cha mhutubu hauondolewi na mkalimani. Mara nyingi huongezeka.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kanuni za Bima ya Afya ya Jamii hazimfikii mwananchi wa Masinga kwa sababu tu zimepewa majina ya Kiswahili. Zinamfikia pale vitenzi vyake vinapotenganishwa, maneno kama "mchango" na "kaya" yanapopimwa dhidi ya maana yaliyo nayo katika maisha ya watu, na mtendaji aliyefichwa anaporudishwa mahali pake. Mahakama Kuu ilipozungumzia ushirikishwaji mwaka 2024, iligusa jambo linalotuhusu moja kwa moja, kwani mtu hawezi kushirikishwa katika asichokielewa.

Inapendekezwa, basi, kwamba vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vichague kila muhula kanuni moja mpya ya serikali ya kitaifa au ya kaunti, viiandike upya kwa Kiswahili chepesi chini ya uangalizi wa wahadhiri wa isimu na wa sheria, kisha viisome mbele ya wale inayowahusu na kuwauliza wameelewa nini. Kutoelewa kwao kusichukuliwe kuwa udhaifu wao. Kuchukuliwe kuwa kazi yetu haijaisha.